Barua kwa Koku kuhusu senene wa Mama

Kimara, Dar es Salaam
12 Aprili

Mpendwa Koku,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Bukoba. Sisi hatujambo, isipokuwa mvua za masika zimeiharibu tena njia ya kwetu.

Tangu wewe na Mama yako mlipoondoka kwangu Desemba, baada ya harusi ya Tumaini, hatujapigiana simu, na sababu naijua. Nimeona jambo hili halifai kuzungumzwa kwa haraka, ndiyo maana naandika.

Pengine Tumaini alikueleza kwamba nilikwenda Christchurch, Nyuzilandi, kwa mafunzo ya miezi miwili. Jumamosi moja ya Machi wenzangu wa darasani walinichukua kwa gari, tukavuka milima mpaka Hokitika, mji mdogo wa watu wapatao 3,000 ulio pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, ambako tangu 1990 hufanyika tamasha la vyakula vya porini. Mwaka 2003 walifika watu zaidi ya 20,000, hebu fikiria mji wa namna hiyo ukipokea wageni wote hao kwa siku moja.

Nilikuta korodani za kondoo zikikaangwa, na visamaki vyeupe vidogo kuliko dagaa, vilivyokorogwa na mayai vikamiminwa kwenye kikaango, ambavyo ni vitamu kwelikweli. Hata hivyo, foleni ndefu ilikuwa kwenye kibanda cha huhu, yaani buu wa mbawakawa anayeishi ndani ya magogo yaliyooza. Kijana mmoja alikuwa akipasua gogo kwa shoka na kuwachomoa mabuu mmoja mmoja, weupe, wanene kama kidole changu cha mwisho, wengine wakiliwa wabichi huku wakijikunja. Mimi nilichagua wa kukaanga. Ngozi ilipasuka mdomoni, yakatoka mafuta yenye ladha ya karanga zilizosagwa, nikameza, wenzangu wakapiga makofi na picha.

Hapo hapo nikamkumbuka Mama.

Alisafiri safari yote ile na ndoo yake ya senene aliokuwa amewanyonyoa mabawa na miguu kwa mkono wake, akaingia jikoni kwangu, akawapasha moto kwa kitunguu na chumvi, akaniletea mimi kwanza kabla ya wageni wengine. Nami nikasema mbele ya watu wote kwamba sili wadudu, kisha nikafungua dirisha. Hakunijibu neno. Alichukua sahani, akaifunika kwa upindo wa kanga yake, akawarudisha senene ndani ya ndoo. Mimi niliyelelewa Songea kwa kumbikumbi, Koku, nilipata wapi ulimi wa kusema vile?

Mama mmoja aliyekuwa akiuza pale Hokitika alinieleza kwamba Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wamekula huhu tangu zamani kwa sababu ni chakula, wala hawamli ili washangiliwe. Maneno yake yaliniingia sana. Buu la watu nisiowajua nililitolea fedha yangu, nikalila kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama, ilhali chakula cha mzazi wako, alichoniletea kwa upendo, nilikikataa kwa sababu hiyo hiyo ya kutazamwa na watu. Tangu nirudi, kila nikiingia jikoni naiona ile kanga ikifunika sahani.

Nakuomba unisamehe, na zaidi ya hapo nakuomba unifungulie njia kwa Mama. Nataka nije Novemba, msimu wa senene utakapoanza, niketi naye mkekani tunyonyoe pamoja, kisha nile atakachonipakulia. Likizo nimeshaiomba.

Niambie, Mama alisema nini mlipokuwa njiani kurudi? Je, amewahi kunitaja tangu siku ile? Nimpigie simu kwanza, au nikipiga itaonekana ninakwepa kumwomba msamaha ana kwa ana? Doti ya kanga na sukari vitafaa, au kwa kosa la namna hii kwenu huletwa kitu kingine? Miguu yake inaendeleaje? Na wale senene waliobaki kwenye ndoo, mliwala nani na nani?

Wako akupendaye,
Stella