Usiing'oe mita kabla hatujaiona ikiwa bombani

Mteja wetu mmoja mwenye kiwanda cha sabuni alituletea flomita, yaani mita ya kupima kimiminika kinachopita bombani, ikiwa imefungwa kwenye gunia, ndani ya bajaji. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kwa miezi kadhaa hesabu ya maji kwenye skrini ilikuwa haikubaliani na matangi yake. Tukaifunga mita kwenye benchi letu la majaribio, tukapitisha maji, tukayapima kwa mizani. Mita ilikuwa nzima. Akairudisha, mafundi wake wakaifunga, kosa likarudi. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu tukamwomba asiiguse, twende sisi.

Tulipolegeza boliti tukakuta gasketi, ule mpira wa kuziba maungio, iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye mpira wa tairi. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko tundu la bomba, ukingo umechomoza ndani na kuyabana maji pale pale yanapoingia kwenye mita. Kumbe safari zote mbili mita ilikuja kwetu, na kosa likabaki kiwandani kwenye flanji, pale bomba linapoungana na mita kwa boliti.

Tangu siku hiyo, mteja akitupigia simu kusema mita yake ni mbovu, jambo la kwanza tunalomwomba ni aiache ilipo. Mita nyingi tunazoletewa kwenye magunia na maboksi hazina ubovu wowote. Ubovu uko kwenye bomba, kwenye waya, au kwenye namna ilivyofungwa, na ukishaing'oa mita umeondoa ushahidi wote.

Chukua mita ya sumaku, ambayo ndiyo wateja wetu wengi wa maji na vinywaji wanayo. Inafanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: kitu kinachopitisha umeme kikipita kwenye uga wa sumaku, huzaa volti. Maji yakienda kasi, volti inapanda. Mita inasoma volti hiyo kwa elektrodi mbili ndogo, inapata kasi, kisha inazidisha kwa eneo la tundu la bomba. Hapo kwenye kuzidisha ndipo penye mtego, kwa sababu mita nyingi za aina hii huchukulia kwamba bomba limejaa. Likiwa limejaa robo tatu tu, mita itaendelea kuhesabu robo ile ya hewa kama maji.

Tumeyaona haya zaidi kwenye viwanda vya maji ya chupa, ambako bomba linapanda hadi juu ya paa kisha linamwaga ndani ya tangi lililo wazi. Fundi anaifunga mita kule juu, au kwenye sehemu inayoshuka, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Pampu ikipunguza kasi, maji hayalijazi bomba. Mwenye kiwanda anaona mita inasoma zaidi ya chupa anazouza, anaanza kuwashuku vijana wa zamu. Jambo hili linatuuma, maana tumewahi kufika mahali tukakuta mtu ameshasimamishwa kazi kwa maji ambayo hayakuwahi kuwapo. Tiba yake ni kuhamishia mita kwenye bomba linalopanda, ambako maji lazima yajae ndipo yapite.

Kuna pia suala la bomba nyoofu. Maji yakitoka kwenye kiwiko au kwenye vali iliyofunguliwa nusu huja yakizunguka na kusukumana upande mmoja. Mita ya sumaku kwa kawaida huhitaji bomba nyoofu lenye urefu wa vipenyo 5 (yaani mara 5 ya upana wa bomba) kabla yake na 2 au 3 baada yake. Kwa bomba la milimita 100, hiyo ni nusu mita kabla ya maji kuingia. Mita ya tabo, yenye pangaboi ndani, huhitaji zaidi, mara nyingi vipenyo 10 kabla na 5 baada. Tukifika kwako na futi kamba kabla ya kufungua begi la vifaa, usishangae.

Kipimo ambacho fundi wako mwenyewe anaweza kukifanya bila kutulipa hata senti ni kipimo cha sifuri. Zima pampu, funga vali iliyo baada ya mita, kisha ile iliyo kabla, bomba libaki limejaa. Subiri maji yatulie. Mita inapaswa kusoma sifuri. Lakini angalia sana hapa: mita nyingi za kisasa zina mpangilio unaoonyesha sifuri kwa mtiririko wowote ulio chini ya kiwango fulani. Usipouzima kwa muda mpangilio huo, utaona sifuri nzuri huku mita imeshahama, yaani usomaji wake umeshapotoka. Uzime, soma, andika, uurudishe. Na kama vali yako inavuja kimyakimya, utailaumu mita kwa maji yanayopita kweli, kwa hiyo hakikisha vali kwanza.

Sifuri ikiwa sawa, linganisha namba iliyo kwenye uso wa mita na ile iliyo kwenye kompyuta ya chumba cha uendeshaji. Zote mbili zisomwe dakika ileile. Mita hutuma habari kwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20, ambapo 4 ni sifuri na 20 ni kikomo cha juu. Sasa tuseme mita mpya imewekewa kikomo cha mita za ujazo 60 kwa saa, na kompyuta bado ina kikomo cha mita ya zamani, 50. Yakipita maji mita za ujazo 30 kwa saa, mita itatuma miliampia 12, yaani nusu. Kompyuta nayo itaonyesha nusu ya 50, yaani 25. Kwa zamu ya saa 8, mita za ujazo 40 zimepita bombani na hazimo kwenye ripoti. Hakuna kilichoharibika hapo, ni namba moja tu haikubadilishwa siku ya kufunga mita. Kati ya makosa yote tunayokutana nayo, hili ndilo linalofuata ubadilishaji wa mita mara nyingi zaidi, na kulirekebisha ni kazi ya dakika 10.

Wapo wateja wanaopenda kuhakikisha kwa tangi, nasi tunawaunga mkono, mradi hesabu ifanywe vizuri. Tangi la mita 2 kwa mita 2 hubeba lita 40 kwa kila sentimita moja ya kina. Ukilijaza sentimita 20 tu, na ukakosea kusoma kwa sentimita moja, tayari una kosa la asilimia 5, na huwezi kumlaumu mtu kwa kipimo cha namna hiyo. Lijaze hadi kina cha mita nzima, kosa lilelile linashuka hadi asilimia 1. Funga mifereji yote ya kutokea kwanza. Tangi la plastiki linalotuna likijaa halifai kwa kazi hii.

Anayetumia mizani naye akumbuke joto. Kilo 1,000 za maji yenye nyuzi joto 30 zina ujazo wa lita 1,004 hivi, kwa hiyo kwa mita nzuri tofauti hiyo lazima ihesabiwe. Dizeli ndiyo hutanuka zaidi: lita 1,000 zikipata joto la nyuzi 10 huongezeka karibu lita 8. Ugomvi wa dizeli ya jenereta kati ya anayeleta asubuhi na anayepokea saa nane mchana mara nyingine ni jua tu. Na kwa sababu wateja wawili wameshanunua kimakosa: mita ya sumaku haipimi dizeli wala mafuta ya kula, kwa kuwa hayapitishi umeme wa kutosha.

Sisi pia tuna kifaa cha mawimbi ya sauti kinachobanwa nje ya bomba, bila kukata chochote. Kinasaidia sana, na tunasema wazi mipaka yake. Hata bomba likiwa zuri, usahihi wake ni wa asilimia 1 au 2, na bomba likiwa na kutu au chokaa ndani hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo tukikuta mita yako yenye usahihi wa asilimia 0.5 inatofautiana na kifaa hicho kwa asilimia 1.5, hatutakuambia mita ni mbovu. Tutakuambia hakuna dalili ya kosa kubwa, na ukitaka kuwa na uhakika zaidi lazima ifike kwenye maabara ya ugezi, ambako mita hulinganishwa na kipimo sahihi. Hapo sasa ndipo tutaing'oa.

Uchakavu wa kweli upo, na kila aina ina njia yake. Mita ya tabo huchoka beringi na kuanza kusoma pungufu, hasa mtiririko ukiwa mdogo. Mita ya gia inayopima mafuta ikilika, mafuta hupenya pembeni bila kuzungusha gia, nayo husoma pungufu. Kwa hoteli za Zanzibar zinazovuta maji ya kisima kwenye mwamba wa matumbawe, adui ni chokaa. Hujenga tabaka juu ya elektrodi na kupunguza tundu la mita, na usafishaji wa mara moja kwa mwaka hautoshi kila mahali. Msitumie bisibisi kukwangua. Asidi nyepesi na kitambaa laini vinatosha.

Ni mara ngapi basi mita ikaguliwe? Mwenye jibu ni daftari lako. Andika tarehe, joto, kipimo cha sifuri, na hali ya mita ilivyokutwa kabla mtu hajarekebisha kitu, kisha ilivyoachwa. Ile namba ya kabla ya kurekebisha ndiyo yenye thamani, na ndiyo mafundi wengi wanaiacha, wanaandika "imerekebishwa, iko sawa". Bila hiyo hutajua kama mita imehama kwa asilimia 0.2 au 6 tangu ukaguzi uliopita, wala hutajua mzigo gani ulioutuma kwa mteja ulikuwa na kosa. Ikikutwa sawa mara tatu mfululizo, ongeza muda. Ikikutwa imehama, upunguze.

Kama mita yako inatumika kuuza au kununua, kazi yetu haichukui nafasi ya uhakiki wa Wakala wa Vipimo, na hatukati lakiri yao kwa sababu yoyote ile. Ukiombwa na fundi yeyote umruhusu aikate "aangalie kidogo", mkatalie.

Ukiwa unatusubiri, piga picha ya mita pamoja na bomba la urefu wa mita moja kila upande, picha ya kibati chenye namba zake, na nyingine ya skrini. Tutumie pamoja na jina la kimiminika na kipenyo cha bomba. Boliti ziache kama zilivyo.