Barua kwa Shangazi: chai ya joka jeusi na kijiko cha tatu

Shangazi yangu, shikamoo.

Siku ile nilipopita Ngamiani niliiona pakiti yako ya chai ya oolong juu ya kabati, nyuma ya kopo la sukari. Bei hukunitajia. Binamu ndiye aliyeninong'oneza mlangoni kwamba ni elfu arobaini na tano, kisha akaongeza neno lililoninyima usingizi: aliyekuuzia kakuahidi kuwa ukiinywa mwezi mzima, vidonge vyako vya kisukari utavisahau. Nakuandikia hadharani, uniwie radhi, maana najua mashangazi wa Makorora na Chumbageni nao wameuziwa ahadi hiyohiyo.

Sikuja kuiponda chai yako. Nimeionja. Ulipokwenda kuswali alasiri nilitia kijiko kimoja kwenye lile birika dogo la bluu, nikamimina maji ya moto, nikafunua kifuniko nichungulie. Vile vipunje vikavu, vigumu kama mbegu za papai zilizoanikwa, vikaanza kujikunjua kimojakimoja mpaka yakatoka majani mazima: kingo nyekundu, katikati bado kijani. Harufu ilinijia ya maua, si ya chai ninayoijua.

Zile kingo nyekundu ndizo siri yake yote. Mmea ni uleule unaochumwa Kwamkoro na Bulwa, juu milimani Amani. Kinachotofautiana ni mkono wa mtengenezaji. Unajua ndizi mbichi ukiimenya ukaiacha inavyopiga weusi? Jani la chai nalo likipondwa likakutana na hewa hugeuka hivyo. Majani yetu ya dukani huachwa yageuke hadi mwisho. Chai ya kijani hutiwa moto mapema ili isigeuke. Oolong hukatizwa njiani, na mafundi wake wakubwa wako Fujian, China, na Taiwan. Jina lenyewe kwa Kichina maana yake joka jeusi. Jina la kutisha kwa kinywaji kipole namna ile!

Tuje kwenye sukari yako. Muuzaji hakuokota neno barabarani. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Taiwan: wagonjwa 20 wa kisukari cha aina ya pili walikunywa oolong lita moja na nusu kila siku kwa siku 30. Kwa hesabu ya kipimo chako (mmol/L), sukari yao ya damu ilishuka kutoka wastani wa 12.7 hivi hadi 9. Si haba. Ila muuzaji kaukata mkia wa hadithi: wale wagonjwa waliendelea na dawa zao kama kawaida. Chai iliongezwa juu ya vidonge, haikuchukua nafasi yake. Tena walikuwa watu ishirini tu, hawajazi hata baraza la msiba. Na hiyo 9 yenyewe, wewe ukiipata kliniki, nesi anakukunjia uso. Mwaka 2011 Wamarekani nao walipochapisha majaribio yao kwa watu wasio na kisukari, oolong haikuonyesha kuwasaidia kwenye sukari.

Presha nayo ina habari. Mwaka 2004, hukohuko Taiwan, watafiti waliwaangalia watu zaidi ya 1,500. Waliozoea chai ya kijani au oolong, walau mililita 120 kwa siku kwa mwaka mzima, walionekana kuwa na presha ya kupanda kwa uchache kuliko wasiokunywa. Mimi hapo natia breki kidogo, kwa sababu huenda wanywaji hao wana mazoea mengine mema yanayowasaidia.

Faida ninayoiamini mimi iko mezani kwako. Chai yako ya rangi unaitia vijiko vitatu, na kwa siku hukosi vikombe vinne. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza, ikiwezekana, isifike gramu 25 kwa siku, na hapo hatujagusa vitumbua. Oolong mimi niliinywa kavu, bila sukari wala hiliki, na sikuona imepungukiwa kitu. Wewe ukiizoea hivyo, elfu arobaini na tano zako zitakuwa zimerudi.

Ila usiinywe pamoja na chakula. Uliambiwa damu yako ni kidogo, na chai, iwe hii au ya Amani, hubana madini ya chuma ya maharage na mchicha yasiingie mwilini. Kula kwanza, ngoja kama saa moja. Baada ya isha iache, ina kafeini, nawe usingizi wako wa paka. Na ile nyingine ya kupunguza tumbo aliyokuletea jirani, itazame ubavuni: ikiwa imeandikwa sena, hiyo ni dawa ya kuharisha, mpe mwenyewe pakiti yake.

Vidonge meza kama ulivyoandikiwa. Hamu ya kuvipunguza ukiwa nayo, mwambie daktari wa kliniki, na mimi nitakusindikiza.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Birika liwe tayari. Lile kopo la sukari litoe mezani kabla sijafika, nami nitajifanya sijui umelificha wapi.

Mwanao.