Habari ya Kurt Angle isiishie kwenye medali

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mi ni mpenzi wa mieleka wa siku nyingi na leo nimeona niandike, maana kila Kurt Angle, yule mwanamieleka wa Marekani, akitajwa kwenye kurasa za michezo ni yale yale tu, jamaa alibeba dhahabu ya Olimpiki huku shingo imevunjika, shujaa, basi habari imekwisha. Kwangu mimi hapo ndo habari inaanza, na hiyo inayoachwa ndo vijana wanaopenda huu mchezo wanatakiwa waisome.

Mwaka 1996 ulimwanzia vibaya. Januari, Dave Schultz ambaye walikuwa wanafanya naye mazoezi kwenye kambi ya Foxcatcher akauawa kwa risasi na John du Pont, tajiri mwenye kambi yenyewe. Halafu kwenye mechi za mchujo wa timu ya Marekani Angle akaumia shingo, pingili zikavunjika na diski zikatoka mahali pake, mtu wa kawaida hapo analazwa kitandani na kukatazwa hata kugeuka. Yeye akachomwa sindano za ganzi shingoni akaendelea kupigana! Fainali ya kilo 100 pale Atlanta alikutana na Abbas Jadidi wa Iran, wakamaliza 1-1 mpaka muda wa nyongeza ukaisha, waamuzi wakaenda kujadiliana, na mkono wake ulipoinuliwa akapiga magoti analia kama mtoto.

Sasa fikiria, ndugu mhariri, kijana aliyefiwa na baba yake kwa ajali ya kazini akiwa na miaka 16, amezika mwenzake juzi tu, halafu mwili wake unamfundisha kwamba ukizima maumivu kwa sindano unapata dhahabu na dunia nzima inakupigia makofi. Somo kama hilo mtu analisahau vipi? Naamini kabisa kila kilichomkuta baadaye kilianzia hapo.

Aliingia WWF, kampuni ya mieleka ya burudani ya Marekani ambayo sasa inaitwa WWE, kwenye televisheni Novemba 1999, na Oktoba 2000 tayari kashamnyang'anya The Rock mkanda wa ubingwa, kasi ambayo wachache sana wamewahi kuifikia. Na kwa wale wanaosema mieleka ni maigizo tu, sawa, mshindi anapangwa, ila ule ulingo ni mbao juu ya vyuma na godoro jembamba, ukianguka umeanguka. Shingo ikaumia tena. WrestleMania (onyesho lao kubwa la kila mwaka) ya 2003 kule Seattle alipanda ulingoni na Brock Lesnar wakati anajua kabisa anasubiri operesheni, mechi ya mwisho ya usiku, na cha ajabu ni kwamba Lesnar ndo aliyeruka kutoka kwenye kona akakosea akatua kwa kichwa, watu tukashika vichwa, wakati mwenye shingo mbovu yuko pale pale chini anasubiri kubanwa mabega ashindwe. Mwezi uliofuata akafanyiwa operesheni, na Julai ya mwaka ule ule karudi kachukua mkanda tena. Miezi mitatu jamani! Tulishangilia sana wakati ule.

Kilichokuwa nyuma ya kurudi huko ni vidonge. Angle mwenyewe ameshasimulia hadharani kwamba ilifika wakati anameza dawa za maumivu mpaka 65 kwa siku, na mwaka ule ule wa 2003 dada yake alikufa kwa sababu ya madawa ya kulevya, kwa hiyo alikuwa anaona kwa macho yake mwisho wa hiyo njia na bado hakuweza kuacha. Novemba 2005 akafa Eddie Guerrero, mtu aliyepigana naye WrestleMania ya 2004, ana miaka 38 tu, moyo. WWE wakaanzisha mpango wa kupima wanamieleka wao matumizi ya dawa mapema 2006, na Agosti ya mwaka huo wakaachana na Angle. Akaenda TNA, kampuni nyingine ya mieleka, mechi nyingine alizopiga kule ni moto kwelikweli, lakini nje ya ulingo alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kuendesha gari akiwa amelewa, mpaka 2013 alipokubali kwenda kutibiwa uraibu.

WWE walimuingiza kwenye Hall of Fame, orodha ya magwiji wao, mwaka 2017, akastaafu WrestleMania ya 2019 kwa kupigwa na Baron Corbin (mpinzani ambaye mashabiki wengi hatukumtaka, tulitaka John Cena), na mwaka 2022 akabadilishwa magoti yote mawili. Yuko hai, hajarudi kwenye vidonge, na anasaidia wengine walionaswa kama yeye. Mimi hilo naliheshimu kuliko ile fainali ya Atlanta, nasema kweli.

Lakini tusimuachie yeye peke yake lawama. WWE mpaka leo inawahesabu wanamieleka wake kama makandarasi wa kujitegemea, yaani si waajiriwa, hawana chama cha kuwatetea, na mieleka haina msimu wa mapumziko kama mpira, sasa mtu anayejua akikaa nje miezi sita nafasi yake inachukuliwa na mwingine, ukimpa kidonge cha kumrudisha ulingoni wiki ijayo atakikataa kwa nguvu gani?

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mkiandika tena kuhusu Angle, au wanamieleka wengine kama Edge aliyekaa nje karibu miaka tisa kwa sababu ya shingo, au Shawn Michaels na mgongo wake, wekeni na hii sehemu ya pili. Na ikiwezekana mtafuteni daktari wa michezo aeleze kwa lugha nyepesi dawa za maumivu zinavyomnasa mtu taratibu bila yeye kujua, mpeni ukurasa mzima, tutausoma wote.

Wako,
Mpenzi wa mieleka