Kwa nini unalipia kurasa zisizo na neno

"Mmeniibia. Kitabu kina kurasa 64, tano hazina kitu, na nyingine zina beti mbili tu zimekaa juu. Yaani nalipia karatasi nyeupe?"

Maneno hayo tumeambiwa kwenye kaunta yetu ya uchapaji vitabu hapa Mwanza na mwalimu mmoja wa sekondari, mshairi mzuri kwelikweli, mbele ya wateja wengine. Kabla ya kuja kwetu alishapita steshenari moja karibu na Soko Kuu, akatajiwa bei isiyofika nusu ya yetu. Si wa kwanza kusema hivyo, ndiyo maana leo tunajibu kwa maandishi.

Tuanze na hizo kurasa tano. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Inachapwa karatasi kubwa, inakunjwa, ndipo inakatwa, na kwa kazi zetu za ofseti (uchapaji wa pleti) fomu moja, yaani karatasi hiyo kubwa ikishakunjwa, hutoa kurasa 16. Fomu nne ni kurasa 64. Mwalimu alijaza 59. Hizo tano hata tungeziondoa, karatasi ingekuwa ile ile na wino ule ule, tofauti ni kwamba zingeishia kwenye kapu chini ya mashine ya kukatia. Tulichofanya ni kuzitumia: kila sehemu ya diwani ianze upande wa kulia, na shairi refu la mwisho lipumue.

Na hapo ndipo penye kazi ambayo steshenari haikuwekea bei, kwa sababu haifanyi.

Shairi la tarbia, lile la mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida lina mizani (silabi) 16 katika kila mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Kurasa za A5 zina upana wa milimita 148. Kijana wa steshenari anafungua faili ya Word, anabadili A4 kuwa A5, anaacha ukingo wa inchi moja kila upande kama barua ya kuomba kazi, na fonti inabaki 14. Nafasi iliyobaki haifiki milimita 100. Mshororo mrefu unavunjika, neno la mwisho linaanguka chini, na kina cha mwisho, ile silabi inayofanana mshororo hadi mshororo, kinaanguka nalo. Msomaji anaona ubeti wa mishororo sita na kujiuliza huyu mshairi alijifunzia wapi. Kibaya zaidi ni kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kinapohamia ukurasa wa pili peke yake, huku ubeti wake umebaki nyuma.

Sisi tunatafuta kwanza mshororo mrefu kuliko yote katika diwani nzima. Huo ndio unaoamua fonti na ukingo. Kisha tunatenga ukwapi na utao kwa nafasi inayolingana kuanzia shairi la kwanza hadi la mwisho, na hakuna ubeti unaokatwa kati ya kurasa mbili. Ndiyo sababu kuna kurasa zenye beti mbili tu juu. Hazikuachwa kwa uvivu.

Mama mmoja wa Sengerema alituletea nakala 200 za utenzi wake zilizochapwa kwingine, akaomba "turekebishe tu". Karatasi iliyokwisha kupigwa wino hairekebishwi, mama. Alilipa upya tangu mwanzo, na zile 200 hadi leo anafungia karanga. Alitania mwenyewe, lakini hela ilikuwa ya kikundi.

Upande wa hadithi njia ya mkato inaitwa "ameshanihariria mwanangu, amemaliza kidato cha sita". Mtoto anasahihisha tahajia, na anaisahihisha vizuri. Lakini sisi tunachapisha hadithi za dunia zisizokuwepo, na dunia isiyokuwepo inahitaji sheria zake zisivunjwe na mwenye nayo. Tulipokea mswada wa mitumbwi inayoruka kwa nguvu ya jua. Sura ya tatu inasema wazi kwamba usiku haipai. Sura ya tisa shujaa anatoroka nayo kutoka Ukerewe saa sita za usiku, mbalamwezi hakuna. Mwandishi alikasirika tulipomwonyesha, akaondoka siku mbili, akarudi na sura ya tisa bora kuliko ya awali. Kila mswada tunaufungulia daftari: majina, umri, umbali, nani anaweza nini na kwa gharama gani. Daftari hilo ndilo unaloliona kwenye ankara kama "uhariri wa maudhui" na kuuliza ni kitu gani.

Mwandishi mwingine alimrudisha kijana wa Kirumba, kwa mashine ya kusafiri katika wakati, hadi mwaka 1893, Wajerumani ndio kwanza wametua Mwanza, na mwenyeji akamkaribisha kwa sangara wa kukaanga. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Mwenyeji wa 1893 angemwekea ningu, furu au kamongo. Hapa Mwanza kosa hilo ataliona hata mama muuza samaki, na akishaliona hataamini mashine yako ya kusafiri katika wakati.

Sasa bei. Chukua mfano: uhariri na upangaji wa kurasa ni shilingi 600,000. Ukichapa nakala 50, kila kitabu kimebeba 12,000 kabla hatujanunua karatasi. Ukichapa 500, kimebeba 1,200. Jalada la rangi kwa ofseti linahitaji pleti nne, yaani bati za kuchapia, moja kwa kila wino, na pleti hazijui kama unachapa nakala 100 au 3,000. Kwa hiyo ukiomba nakala chache tutakupeleka kwenye digito, uchapaji wa moja kwa moja kutoka kompyuta, ambako hakuna pleti ila kila nakala inakula gharama yake kamili. Anayekuambia bei ni moja kwa idadi yoyote kuna mahali amepunguza, na mara nyingi ni gundi. Au karatasi: ina mkondo wa nyuzi, na nyuzi zisipolala sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa zinapinda. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua unyevu wa masika. Kitabu kilichokatwa kinyume kinafika Aprili kimejikunja kama chapati.

Suala la ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, tuliseme haraka. Namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ina tarakimu 13, na kila toleo lina yake. Tumewahi kupokea jalada ambalo mteja alinakili namba ya kitabu cha mtu mwingine "ili lionekane rasmi". Duka la vitabu linapoiingiza kwenye kompyuta linapata jina la mwenzako. Usifanye hivyo.

Wanaolalamikia muda pia tunawasikia. Mzee Aniceti Kitereza, wa hapo Ukerewe, alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, na ya Kiswahili ikatoka 1980. Sisi tunaomba miezi mitatu.

Ukija, njoo na faili yenyewe, si picha za kurasa kwa WhatsApp. Zima kamusi ya Kiingereza kwenye simu unayoandikia, kwa sababu tumechoka kuwinda "hata" zilizogeuzwa "hate". Ukitaka kuchapa tu bila uhariri, tunapokea, na bei inapungua kweli. Lakini tutatoa prufu moja, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, utakaa nayo hapa au nyumbani, utasaini kila ukurasa, zikiwemo zile nyeupe. Usiposaini, mashine haiwashwi.