Chemba ya biashara ishuke sokoni

Mhariri,

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti usimamizi wa masoko na leseni za biashara, na tangu hapo Sheria ya Fedha ya kila kaunti ndiyo inayoamua mchuuzi na mwenye duka watalipa ada kiasi gani. Hapo ndipo ningetarajia kuisikia zaidi sauti ya Chemba ya Kitaifa ya Biashara na Viwanda, iliyoanzishwa 1965 na yenye matawi katika kaunti.

Kifungu cha 201 cha Katiba hiyo kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, lakini muuza nyanya hawezi kufunga kibanda siku nzima ili akasome mswada uliojaa majedwali ya ada. Tawi la chemba lingeweza kuusoma mapema, likakusanya maoni sokoni kwenyewe, kisha likawakumbusha wawakilishi wa wadi kwamba Kifungu cha 209 kinakataza ushuru wa kaunti kudhuru biashara inayovuka mipaka yake; lori la viazi likitozwa ada katika kila kaunti linamopita, anayeumia mwishowe ni mnunuzi.

Vyeti vya asili ya bidhaa, vinavyoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, ambavyo chemba huwapa wanaouza bidhaa nje ya nchi ni huduma muhimu, ila wengi wetu hatujawahi kuuza hata ng'ambo ya mto. Ikubali basi vikundi vya mama mboga na mafundi wa jua kali vijiunge kwa ada moja ya pamoja.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Nakuru