Yai ni Shilingi Ishirini, Sindano Mbona Ghali?

Mzee mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anayejiandaa kwenda umra, alifika kituo chetu cha chanjo, akauliza bei ya chanjo ya mafua, akashika kiuno. "Mwanangu, mjukuu wangu amesoma kwenye simu, chanjo hii yatokana na mayai. Yai ni shilingi ishirini. Hizi nyingine za nini?" Foleni nzima ikacheka, na wawili wakamuunga mkono.

Ni mayai kweli, mzee wetu, ila si ya trei. Yana kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, cha siku kumi hivi. Kirusi hudungwa ndani, huachwa siku mbili tatu kizaliane, kisha majimaji hunyonywa, kirusi kikauawa na kusafishwa. Yai moja ni kama dozi moja. Na kwa kuwa mafua hubadilika, Shirika la Afya Duniani huchagua virusi upya kila Februari na Septemba. Chanjo zinazobaki kwetu muda ukiisha tunazitupa, hasara yetu.

Ipo nyingine inayokuzwa kwenye seli ndani ya matangi; Marekani iliiidhinisha 2012. Kirusi kwenye yai huweza kujizoeza yai, kikatoka kimegeuka kidogo, na seli hupunguza tatizo hilo. Asili ya seli zenyewe ni figo la mbwa, 1958, na tangu hapo huzidishwa maabarani. Hiyo hatuiuzi, kwa hiyo wanaouliza "mmenidunga mbwa?" watulie.

Kinachokula pesa hapa Lamu ni baridi: nyuzi 2 hadi 8, tangu kiwandani hadi begani mwako. Wapo wanaonunua Mombasa kwa bei ya chini, wakataka sisi tudunge tu. Dada mmoja alivuka kutoka Mokowe na boksi la samaki, sindano tatu zimezama kwenye barafu, ngumu kama jiwe. Chanjo hii ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Tukakataa. Alitutukana hadi mlangoni, kesho yake akarudi kununua tatu nyingine. Sisi pakiti za barafu huziacha mezani mpaka zitoke jasho, ukitikisa usikie maji, ndipo ziingie kashani pamoja na kipimajoto. Stima ikikatika usiku, kuna mtu anaamka kuwasha jenereta, naye hulipwa.

Mzee alidungwa. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, basi wasafiri wengine tafadhali msije asubuhi ya ndege.