Barua kwa meza iliyobadilisha masta

Wanangu, hamjambo nyote. Nimeskia masta wenu, yule anayesimulia hadithi na kusimamia sheria kwenye gemu yenu ya mezani ya kuigiza wahusika, kachoka kuendesha, kiti kampa mwenzenu na yeye kabaki hapo hapo kama mchezaji. Nimeskia pia tangu siku hiyo ni minong'ono tu, huyu anataka kampeni, ile hadithi ndefu mnayoicheza, ife muanze upya, yule analalamika eti sauti anayoigiza masta ya yule bibi mchawi wa kwenye hadithi siku hizi si yenyewe, na masta mpya yuko kimya anakariri daftari la mipango la mwenzake kama mtu wa mtihani. Nivumilieni kidogo basi, nina maneno.

Kupokezana kiti si balaa, gemu zenyewe zimezaliwa hivyo. Mwaka 1969 kule Marekani David Wesely aliwaendeshea wenzake mchezo alioita Braunstein, kila mtu akapewa mhusika wake mmoja badala ya kuongoza jeshi zima, halafu Wesely akaitwa jeshini kwelikweli akaondoka, na waliobaki hawakukaa kumlilia, Dave Arneson akaendelea kuendesha. Na hakuendesha ya Wesely, akaja na Blackmoor yake, akamchezesha Gary Gygax, Gygax naye akaenda kutunga ya kwake, mpaka 1974 wawili hao wakatoa Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya aina hii yenu. Hakuna aliyeiga sauti ya mwenzie.

Sasa we masta mpya. Hilo daftari lisome mara moja ulifunge. Kilichosemwa mezani ni kweli na hugusi, kama mfalme alikufa mbele yao kafa, ila kilichobaki kwenye daftari hakijawahi kutokea. Yule mfanyabiashara wa kilemba cheusi ambaye mwenzako alipanga aje kuwa kaka yake mfalme, kama wachezaji hawakuambiwa, kwako anaweza kuwa jasusi, anaweza kuwa mchuuzi tu wa kawaida, na hakuna wa kukudai. Badala ya kuchimba daftari kaa na mchezaji mmoja mmoja, muulize mhusika wako anataka nini, anamchukia nani, ana deni la nani. Utashangaa, vitu ambavyo masta wa zamani alivipa kurasa kumi hakuna anayevikumbuka, na kibarua mmoja wa mlangoni aliyepewa jina kwa bahati mbaya ndo kipenzi cha wote. Huyo kibarua mlinde.

Halafu sheria. Kila meza ina sheria zake ambazo haziko kwenye kitabu chochote na nyie mshazoea mpaka mnadhani ziko. Kwa D&D toleo la 2014 kwa mfano, 20 kavu kwenye dadu ya pande 20 inapiga moja kwa moja ukiwa unashambulia, lakini ukiwa unajaribu kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi kitabu hakijasema hivyo, ni meza nyingi zimejiamulia. Kunywa dawa ya uponyaji pia, kitabuni inakula tendo lako zima la zamu, sehemu nyingine watu wanaigugumia huku wanapigana. Sasa masta mpya akifuata kitabu mnamwita mkali, na kosa lake ni lipi wakati hakuna aliyemwambia? Kaeni siku moja bila kucheza, ziandikeni zote, amueni zipi zinabaki. Na lile panga la moto alilowapa wa zamani kwa huruma, kama linaharibu kila pambano liongeleeni waziwazi, we masta usije ukatuma mwizi wa usiku kulichukua, wachezaji wanaijua hiyo janja na hawasahau.

Wewe uliyeachia kiti, najua ni ngumu, nawe ndo nakuomba zaidi. Ukiulizwa sheria jibu, usipoulizwa kula kimya. Masta mpya akimgeuza mhusika wako uliyemlea miaka usitoe ile miguno, maana meza nzima inakuangalia wewe uso kabla ya kumwangalia yeye.

Na nyie wengine, ile "fulani angeturuhusu" iachwe, kabisa.

Kuhusu kampeni ife au isife, mi naona msikimbilie. Mwacheni masta mpya aruke miezi 6 ndani ya hadithi, kila mtu aeleze mhusika wake alikuwa wapi muda huo, kisha aanze na kazi ndogo inayoisha siku hiyo hiyo, si kwenda moja kwa moja kwa lile joka la mwisho, hilo lilipangwa na mtu mwingine na yeye bado hajui hata mnapigana vipi mkibanwa. Mkicheza hivyo mara kadhaa mtajua wenyewe kama ile hadithi kubwa bado mnaitaka, na kama hamuitaki muifunge vizuri, kikao kimoja, kila mhusika apate mwisho wake.

Na huyo anayechelewa kila wiki, semeni naye nyinyi wachezaji. Msimsubirie masta, ana mengi.